Divai ya Porto na Gharama ya Jina Jema

Mwanafunzi aliyesoma habari za Wareno huwakumbuka kwa Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593. Lakini huko kwao Ureno wana kumbukumbu nyingine, nayo imo ndani ya chupa: ni divai ya Porto.

Divai hiyo hutoka katika bonde la mto Douro, penye milima ya mawe na jua kali. Zabibu zikiisha kukanyagwa, maji yake huachwa yachache. Kabla utamu haujakwisha hutiwa pombe kali iliyokenekwa kwa zabibu. Kuchacha hukoma, na divai hubaki tamu yenye nguvu. Zamani mapipa yalishushwa kwa mashua, kupita maporomoko ya hatari, mpaka maghala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mji wa Porto.

Mwaka 1703 Uingereza na Ureno zilifanya Mkataba wa Methuen, na divai ya Ureno ikatozwa ushuru pungufu kwa thuluthi kuliko ya Ufaransa. Biashara ikastawi, na tamaa ikafuata. Wako waliotia sukari na maji ya matunda meusi ya miti mingine, ili divai hafifu ionekane bora. Wanunuzi wakaingiwa na shaka, bei ikaanguka, na wakulima na wafanyabiashara wa Kiingereza wakalaumiana.

Ndipo mwaka 1756 waziri Carvalho, aliyeitwa baadaye Marquês de Pombal, alipounda kampuni ya kusimamia divai hiyo. Mipaka ya mashamba ikawekewa nguzo za mawe, na miti ya udanganyifu ikang'olewa. Walakini kampuni ilipewa pia haki ya peke yake juu ya divai iliyouzwa vilabuni Porto, na watu wadogo wakaumia. Februari 1757 walifanya ghasia. Serikali haikuwahurumia: zaidi ya watu kumi walinyongwa.

Leo, mavuno ya mwaka yakiwa mema mno, divai iliyo bora hutengwa. Hukaa pipani kama miaka 2, kisha hutiwa chupani na kulazwa gizani miaka 20 au zaidi. Siku ya kuinywa, chupa husimamishwa kwanza ili mashapo yatuame, kisha divai humiminwa polepole katika jagi la kioo. Mjuzi huitazama rangi, iliyokuwa nyekundu ya kuiva na sasa imefanana na tofali, huinusa, ndipo huonja kidogo, akiiacha ikae ulimini. Mwenye pupa huambulia utamu peke yake.

Subira huvuta heri, walisema wazee, na divai hii yathibitisha. Lakini anayesoma historia na ayakumbuke pia mashapo yaliyo chini ya chupa: jina jema la Porto lililindwa kwa sheria iliyofaa, na sheria hiyo hiyo ikawapeleka maskini kwenye kitanzi.