Tembo wa Tabora katika Mizani ya Sonara

Tangu Sayyid Majid alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, kando ya bandari iliyositirika na mawimbi, biashara ya pwani hii haikutegemea fedha ya taifa moja; maana reale ya Shamu yenye sura ya Malkia Maria Theresa, reale ya mizinga ya Hispania, rupia ya Bara Hindi, na baadaye pesa ya shaba ya Sayyid Barghash iliyochorwa mizani, zote zilipita mkono kwa mkono, na aliyeaminiwa kuzipambanua njema na ghushi hakuwa na kitabu wala darubini, bali mizani, jiwe la kusugulia dhahabu, na sikio lililozoea mlio wa fedha safi. Kazi hiyo ilikuwa ya sonara. Hata leo mtu wa Kariakoo aonaye sarafu kongwe katika sanduku la marehemu bibi yake, aghalabu humwendea sonara wa Uhindini kabla ya mtu mwingine.

Sarafu hizo nyingi ni za Wajerumani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa pesa za shaba za miaka 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijra upande wa pili. Ikatoa na rupia za fedha zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili aliyevaa kofia ya chuma, na nyuma yake simba chini ya mnazi. Pesa 64 zilifanya rupia moja, mpaka mwaka 1904, serikali ya koloni ilipoitwaa kazi ya kutoa sarafu na kuigawa rupia katika heller 100. Rupia ile ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, yaani tola moja kamili, hata yenyewe ikafaa kuwa jiwe la mizani; na kwa kuwa fedha yake ilikuwa njema, nyingi ziliingia tanuruni zikatoka vikuku na mitali.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na meli za Waingereza zikaifunga pwani, sarafu zisiweze tena kuletwa kutoka Ulaya. Wajerumani, waliokuwa wamehamishia makao yao Tabora, waliigeuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu, na katika mwaka 1916 wakapiga heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na pamoja nazo dhahabu ya rupia 15, iliyochimbwa Sekenke, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu hizo zilipigwa 16,198 tu. Dar es Salaam ilianguka tarehe 4 Septemba mwaka huo, na Tabora tarehe 19. Wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao kikosi chao, Carrier Corps, kilipiga kambi karibu na jumba la soko lililoanzwa na Wajerumani, wakakiachia kitongoji jina lake la Kariakoo, nao pia walihesabiwa ujira wao kwa rupia.

Nimeikumbusha historia hii kwa urefu kwa sababu bila ya kuijua, mizani ya sonara, ijapokuwa ni ya haki, huweza kumdhulumu mwenye mali. Dhahabu ya Tabora ina gramu 7.168 na ni ya karati 18, basi dhahabu halisi iliyomo haifiki gramu 5.4, ilhali pauni ya Kiingereza, inayopendwa sana katika vidani vya bibi harusi, ni ya karati 22 na ina zaidi ya gramu 7.3. Kwa hukumu ya jiwe la kusugulia, tembo yu chini ya pauni. Kwa hukumu ya wakusanyaji, yu juu yake kwa mbali.

Hukumu hii ya pili ina mahakama zake ng'ambo. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga vipimo vya 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kongwe za shaba za nchi yake, na kutokana na vipimo hivyo yakatokea makampuni ya kutoa daraja, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, ambayo huikagua sarafu, huithibitisha, huipa namba, kisha huifungia ndani ya plastiki ngumu. Mwenye sarafu hulipa ada, posta na bima, kwenda na kurudi. Kwa hiyo swali la haki si iwapo sarafu ni kongwe, bali iwapo daraja litaongeza thamani kuzidi gharama hizo.

Kwa reale ya Shamu, sithubutu kumshauri mtu aitafutie daraja: tarehe yake ni 1780 daima, na imeendelea kupigwa upya kwa mamilioni muda mrefu baada ya malkia kufa. Kwa pesa na heller zilizochakaa, vivyo hivyo, kwani zilitolewa kwa mamilioni. Sarafu za rupia mbili za 1893 na 1894, na heller 5 kubwa za shaba za 1908 na 1909, zastahili kufikiriwa ikiwa nakshi zake zingali kali. Tembo wa Tabora astahili karibu kila mara, kwani ghushi zake ni nyingi na uthibitisho peke yake ni mali. Ila aliyetiwa kipete cha kuning'inizia shingoni hatapata namba, ataandikiwa kuwa ameharibiwa.

Kuhusu sarafu za masultani wa Kilwa, mambo ni mengine kabisa: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huvilinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, wala havitolewi nje bila ya kibali. Anayezipata na azipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert.

Nakusihi, msomaji, kabla hujaamua lolote, usiisugue sarafu yako kwa ndimu, ukwaju wala majivu, wala usimruhusu sonara aing'arishe. Wekundu na weusi ulioijia kwa miaka mia ndio anaoutafuta mkaguzi, na ukiisha kuondoka, hakuna ada iwezayo kuurudisha.