UZI: Pesa za kuvuka huombwa na nani?

1/ Msimu wa siasa ukifika Mombasa, kuna maneno mawili lazima uyasikie. La kwanza: "Serikali kuu imetusahau." La pili: "Kaunti yenyewe haijaomba." Wasemaji wanarushiana, na watu wa Likoni wako palepale kwenye foleni ya feri. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na hili la "kuomba" naona halielezwi vizuri. Tuanze na historia. Simtaji mwanasiasa wala chama. Ukitaka kumtetea wako, uzi wake si huu.

2/ Ombi kubwa la kwanza ni la zamani. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani hii, IBEA, ilianza kutandaza reli nyembamba kutoka Mombasa kuelekea bara. Ilikwama baada ya maili chache tu, mfuko ukiwa mtupu. Kampuni ikaigeukia serikali ya London. Mwaka 1892 Bunge la Uingereza likatoa pauni 20,000 za kupima njia ya reli, na mwaka 1896 likapitisha pauni milioni 3 za kuijenga. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, gharama ilikuwa njiani kupita pauni milioni 5.

3/ Ombi lile liliandikwa vipi hadi likakubaliwa? Lilitaja Uganda, chanzo cha Nile, kukomesha biashara ya watumwa, na ushindani na Wajerumani. Mtu wa Mji wa Kale anayetaka kwenda zake Kilindini hayumo. Mombasa ilikuwa mlango wa kupitia.

4/ Vile vyuma vya reli iliyokwama vilirudi kisiwani. Vikatandazwa barabarani na juu yake vikapita vigari vidogo vyenye kipaa cha kivuli, vinasukumwa na watu. Tafuta picha za Mombasa za miaka ya 1900 utaviona: mkubwa amekaa, wengine wanasukuma kwa miguu yao. Huo ndio ulikuwa usafiri wa reli wa mjini kwetu. Miguu ya wasukumaji haikuhesabiwa kama safari.

5/ Upande wa Nyali, daraja la kuelea lilifunguliwa mwaka 1931. Ukivuka, unalipa. Daraja la zege tunalotumia sasa lilikuja mwaka 1980. Upande wa Likoni hakukuwa na daraja, kukawa na feri tangu 1937.

6/ Feri ina jambo moja ambalo wageni hushangaa: anayevuka kwa miguu halipi. Gari ndilo hulipa. Mimi naunga mkono kabisa, maana anayevuka alfajiri kwenda kutafuta kibarua hawezi kukatwa nauli kabla hajapata kitu. Lakini tuelewe maana yake kibajeti. Kadiri watu wanavyojaa, mapato hayaongezeki. Kwa hivyo chombo kipya, injini, hata ukarabati, vinategemea mtu kwenda kuomba pesa mahali fulani. Bure ya abiria ni bili ya mtu mwingine, na lazima ijulikane ni ya nani.

7/ Na hili si hesabu za darasani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Walikufa zaidi ya 270. Sikuwa nimezaliwa, lakini pwani hii huhitaji kuwa ulikuwepo ndipo uijue Mtongwe.

8/ Sasa, bili ni ya nani? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Katika kazi za kaunti utakuta usafiri wa umma wa barabarani, na utakuta feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Lakini feri ya Likoni inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, shirika la serikali kuu. Ndiyo maana yale maneno mawili ya mwanzo hayaishi. Kila upande una karatasi ya kumwonyesha mwenzake.

9/ "Basi kaunti ikope ijenge." Haiwezi hivyo tu. Kifungu cha 212 kinasema kaunti itakopa ikiwa serikali kuu imeudhamini mkopo na bunge la kaunti limeidhinisha. Ndiyo maana mazungumzo ya daraja la Likoni na Wajapani wa JICA ni ya Nairobi na Tokyo. Anayekuahidi daraja hilo kwa pesa za kaunti, muulize dhamana iko wapi.

10/ "Basi serikali kuu haina pesa." Hapo pia polepole. Mwaka 2013 ilianza kutoza ushuru wa maendeleo ya reli, 1.5% ya thamani ya bidhaa zinazoingia nchini, pamoja na mkopo wa China. Mwaka 2017 SGR ikaanza. Kituo chake cha abiria kiko Miritini, nje ya kisiwa. Ukitoka Mji wa Kale na mizigo yako, utapanda tuktuk au matatu kwanza, ndipo ufikie treni uliyoichangia dukani. Mizigo ya bandari, yenyewe, ilitandikiwa reli hadi ndani.

11/ Kisha ikaja korona. Msongamano wa feri ukawa hatari ya afya, na mwaka 2020 daraja la kuelea la wapita njia likajengwa Liwatoni, upesi ajabu. Foleni ile ilikuwepo miaka yote. Kilichobadilika ni sababu iliyoandikwa kwenye ombi.

12/ Hapo ndipo naona mkondo mmoja tangu 1892. Pesa huja haraka kwa kinachopita Mombasa, au kwa kinachoitisha taifa zima. Safari ya kila siku ya mkaazi husubiri, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyeiandika kama sababu ya kutosha.

13/ Kwa hivyo mkutanoni usiulize "mtatuletea nini?" Uliza karatasi. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 hairuhusu pesa kutengwa nje ya mpango. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufika kufikia 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya umma, na wengi wetu hatuendi. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa mara ya kwanza mwaka huu, nikakuta viti vingi vitupu.

14/ Maswali matatu yatosha: mradi huu umo kwenye mpango gani? Nani kisheria ndiye mwombaji, kaunti au serikali kuu? Ukishajengwa, matengenezo ya kila mwaka yatalipwa kutoka fungu gani? Akikujibu la tatu, huyo msikilize. Wengi huishia la kwanza.