Mzigo wa Mfariji

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini wako watu ambao kazi yao huwalazimu kuujua uchungu wa wana wasiowazaa.

Kutoka Nyashimo, wilayani Busega, maji ya Ghuba ya Speke huendelea hadi Ukerewe. Katika ziwa hilo meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, na maiti wengi wakazikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichopimiwa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mara zote mbili walikuwako wapiga mbizi, wauguzi na viongozi wa dini, waliopokea maiti kwa mikono yao, kisha wakawatuliza wafiwa. Palipo kilio, mfariji hana ruhusa ya kulia. Machozi huyameza, akaenda nayo nyumbani.

Sisi wanahistoria tumezoea kuhesabu waliokufa na waliookoka. Kundi hili la tatu hatukulihesabu. Basi atakayeiandika tena habari ya ziwa hili, na aulize pia: mfariji naye alifarijiwa na nani?