Matengenezo Kabla ya Mgao: Wakfu, Chokaa na Hifadhi ya Mji Mkongwe wa Unguja

Katika kichochoro kimoja cha Kiponda, ambamo jua huteremka kwa saa chache tu za mchana, umo ukuta ambao nimeupita mara nyingi, na aghalabu nimesimama kuutazama. Aliyeutengeneza mara ya mwisho aliupiga lipu ya saruji, bila shaka kwa nia njema, kwa kuwa saruji hupatikana dukani na hukauka upesi. Lakini ukiigonga lipu hiyo kwa kifundo cha kidole huitika kwa sauti ya kitu kitupu, na pale ilipopasuka udongo wa ndani humiminika chini kama unga wa muhogo. Ukuta wa Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, nao hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Saruji huuziba mlango huo. Maji hubaki ndani, yakapanda, yakafika zilipochimbiwa ncha za boriti, na boriti ya mkoko, ambayo ingeweza kuhimili sakafu kwa karne nzima lau ingekuwa kavu, huoza kichwani ilhali kati yake ingali ngumu kama chuma. Hapo ndipo sakafu huanguka, na watu wakasema nyumba imekufa kwa uzee.

Nimeanza na ukuta huu kwa kuwa ndani yake imo hoja nzima ya makala haya: kwamba maangamizi ya Mji Mkongwe wa Unguja yametokana, kuliko sababu nyingine yoyote, na kutenganishwa kwa pato la nyumba na matengenezo yake, na kwamba kanuni ya kuviunganisha tena viwili hivyo haina haja ya kuagizwa kutoka mbali, maadamu imo katika hukumu za wakfu ambazo mji huu umeishi nazo tangu ulipojengwa.

Waliojenga nyumba hizi, hasa katika karne ya 19, walijua kuwa wanajenga kitu kitakachodai kulishwa daima. Chokaa ilichomwa mahali pa wazi, magogo yakipangwa duara na matumbawe yakirundikwa juu yake, kisha ikaachwa inywe maji kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na ndiyo sababu vyumba vya kale, hata katika nyumba za matajiri, ni virefu na vyembamba. Kupiga sakafu kulikuwa kazi ya umati: chokaa iliyochanganywa na kokoto ilimwagwa juu ya boriti na mawe, na watu, wanawake wengi miongoni mwao, wakaipiga kwa vipande vya mti siku baada ya siku, kwa nyimbo, hadi ikashikamana. Wala kazi haikuisha siku ya kuhamia. Paa lilitaka kutazamwa kabla ya kila masika, kuta kupakwa upya, ufa kuzibwa ungali mwembamba. Kila nyumba ya mawe ilikuwa na deni lisilokwisha, na swali la hifadhi, kabla halijawa swali la sanaa au la historia, ni swali la nani alilipe deni hilo na kutoka mfuko gani.

Wakfu ulikuwa na jawabu. Mtu aliweka nyumba yake wakfu, ama kwa dhuria wake, ama kwa msikiti, ama kwa mafakiri na wageni. Tangu siku hiyo asili ya mali ilizuiwa, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe hiba, na manufaa yake tu ndiyo yakagawanywa. Lililo adhimu zaidi katika hukumu hizo, nami nasikitika kwamba wanaoandika juu ya miji ya pwani hulipita haraka, ni kauli ya mafakihi kwamba pato la wakfu hutangulizwa katika kuitengeneza mali yenyewe, na kinachobaki ndicho humfikia aliyewekewa, hata kama mweka wakfu hakulitamka sharti hilo. Imamu hungoja, mjukuu hungoja, fakiri hungoja, chokaa haingoji.

Sisemi kwamba wakfu za Unguja zimetunzwa kama inavyopasa. Nyumba nyingi za wakfu leo zimo miongoni mwa zilizochakaa mno, kwa sababu kodi zake zilibaki ndogo miaka nenda miaka rudi, na kodi isiyotosha kununua chokaa haina cha kutanguliza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa, wenyewe wengi wakiwa wameondoka, na familia kutoka Pemba na mashamba zikaingizwa vyumbani. Kumpatia makazi asiye nayo ni jambo la haki, na siwezi kulilaumu. Lakini nyumba iliyogawanywa kwa familia kadhaa, kila moja ikilipa kidogo kwa mwenye mali asiyeonekana, ilikosa mtu mmoja wa kupanda juu kulitazama paa.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ikapatikana sheria yake, pamoja na mpango mkuu uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Na mwaka 2000 mji ukaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Zahanati ya kale ya Tharia Topan, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887, ilifufuliwa, na bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Haya yastahili shukrani. Hata hivyo, kanuni zetu hutazama umbo: kimo cha jengo, ukubwa wa dirisha, nakshi ya mlango. Haziulizi pato la jengo linakwenda wapi.

Pengo hilo limejazwa na hoteli. Insafu yatulazimu kukiri kwamba wenye hoteli wameokoa majumba ambayo pengine leo yangekuwa vifusi. Lakini hoteli huishi kwa maji. Nyumba iliyokuwa na choo kimoja na birika la uani hupewa bafu katika kila chumba, ghorofa juu ya ghorofa, na bomba lililofichwa ukutani likivuja hakuna ajuaye mpaka boriti imekwisha kuoza. Faida nayo husafiri, ilhali nyumba ya jirani, ambayo baraza yake ndiyo mgeni huja kuipiga picha, haipati hata debe moja la chokaa. Na ujirani huo ni wa mawe kwa mawe: nyumba nyingi hushirikiana ukuta, nyingine zimeunganishwa kwa wikio juu ya njia, na ikiporomoka moja huipasua nyingine. Pole pole wakazi nao huondoka, kwa kuwa kodi ya duka la vinyago huishinda kodi ya duka la nazi, na chuo cha Kurani huwafuata watoto wake huko walikohamia.

Anayedhani kwamba jina kubwa hulilinda jengo na aizingatie Beit el-Ajaib, aliyoijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Mizinga ya Waingereza ya 1896, iliyolibomoa kasri la jirani, haikuiangusha. Sehemu ya roshani yake ilianguka mwaka 2012. Na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande mzima uliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ukarabati mkubwa, ujapo baada ya miaka mingi ya kusahauliwa, hulikuta jengo limekwisha kudhoofika mahali ambapo jicho halifiki.

Rai yangu ni kwamba kila idhini ya kuigeuza nyumba ya mawe kuwa hoteli au duka la watalii iandikwe kwa sharti la wakfu: fungu maalumu la mapato, kabla faida haijahesabiwa, litengwe kwa matengenezo ya jengo lenyewe na ya nyumba zinazoshirikiana nalo ukuta, na fedha hizo ziwe mikononi mwa msimamizi wa mtaa, chini ya macho ya Mamlaka na ya Kamisheni ya Wakfu. Nasema kabla ya faida kwa makusudi, maana faida ni rahisi kuyeyuka katika daftari. Wako watakaohofu kwamba wawekezaji watakimbia. Lakini kile anacholipia mgeni afunguapo dirisha, yaani mapaa ya majirani, adhana, na harufu ya ubani ipandayo kutoka uani, si mali ya hoteli, na anayeuza cha jirani hudaiwa na jirani haki yake. Wala hoja haiishii Darajani, mpakani mwa Mji Mkongwe: huko Ng'ambo nyumba za udongo zilibomolewa kupisha majumba ya Michenzani bila ya mtu kuziita urithi, na zilizosalia zastahili sharti lilo hilo.

Mafundi nao watarudi penye kazi ya mwaka mzima. Kijana hawezi kujifunza chokaa kwa mradi mmoja katika miaka kumi. Ule ukuta wa Kiponda wahitaji kubanduliwa saruji, uachwe wazi ukauke, kisha upigwe chokaa tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Waishio nyuma yake wanajua hivyo, na bei wanaijua. Wameahirisha mpaka watakapokwisha kulipa ada ya shule. Kwenye kona ya kichochoro hicho hicho ipo nyumba ya wageni ambayo kuta zake hupakwa upya kila mwaka.