Masalani: usalama na haki za raia
Masalani ni mji wa Ijara, kaunti ya Garissa, karibu na mto Tana na msitu wa Boni. Magaidi wa Al-Shabaab walipoua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, serikali ilitangaza kafyu ya usiku, na hata mama mwenye uchungu wa kuzaa akawa na vizuizi vya askari mbele yake. Wanaoitetea kafyu hiyo husema uhai hutangulia, na hoja hiyo ni nzito. Lakini kuwashuku Wasomali wote wa eneo hili kulianza tangu vita vya kutaka kujitenga vya miaka ya 1960, na hakukuzuia mauaji hayo. Kinyume na shaka hiyo, Desemba 2015, kaunti ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo basi lao lilipovamiwa na magaidi. Polisi hutegemea taarifa za wakazi kama hao, ambao hawatapiga simu kituoni wakihofia kukamatwa wao kwanza.