Kiuno 29, Nyonga 43

Tulikuwa wawili getini asubuhi ile, mimi na rafiki yangu, na sote tulivaa suruali za kadeti nyeusi tulizozichambua kwenye belo moja pale Karume, Ilala. Bei moja, lebo moja, hata namba ilikuwa moja. Tulikwenda kufuata barua zetu za mafunzo katika ofisi moja ya umma. Mlinzi akamtazama mwenzangu kutoka juu hadi chini, akamwambia, "Pita, dada." Akanitazama mimi. Akazunguka nyuma yangu (ndiyo, msomaji, alizunguka), kisha akasema:

"Wewe binti, karudi ukavae nguo ya heshima. Hiyo inakubana."

"Lakini kaka, mbona suruali zenyewe ni zile zile?"

"Suruali zile zile, maumbile siyo."

Namshukuru kwa jambo moja, alisema kweli. Rafiki yangu ni kimbaumbau, suruali ile ilimning'inia kama iliyoanikwa kwenye kamba. Mimi nimerithi nyonga za bibi mzaa mama, tena nimerithi bibi mwenyewe akiwa hai. Suruali ilinikaba mapajani, ikajikunja chini ya makalio, halafu kiunoni nyuma ikaacha pengo ambalo mtoto angeweza kutia mkono. Imebana na imepwaya papo hapo. Nilirudi nyumbani nimesimama kwenye daladala ingawa siti zilikuwepo, maana nilihofia kukaa suruali isije ikapasuka msamba mbele za watu. Wiki nzima nikaacha chapati na wali. Niliamini kwamba kosa ni langu, kwamba suruali ilikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekatwa vibaya.

Mimi ni mtu wa vitabu. Nikiumia, naenda kusoma. Basi nikaanza kuisoma suruali.

Neno lenyewe, kwanza, si la Kizungu. Suruali ni sirwal ya Kiarabu, na Waarabu nao wakaitoa Uajemi. Imekuja pwani yetu kwa majahazi pamoja na tende na halua, na haikuja kwa wanaume peke yao. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akakimbilia Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo ameeleza mavazi ya wanawake wa jumba lao: kanzu ndefu, kitambaa cha kichwani, na suruali. Zilikuwa suruali za kukaa nazo chini mkekani, kukunja miguu, kuinuka bila kusaidiwa. Chini kwenye vifundo zilitiwa marinda.

Isitudanganye hiyo tukadhani palikuwa peponi. Suruali ile ilikuwa ya bibi mwenye nyumba. Mjakazi wake alijifunga kaniki, na ukiwaona wawili hao njiani hukuhitaji kuuliza nani ni nani. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Unguja, wanawake waliokuwa watumwa walijitupa kwenye kanga na baadaye buibui, yaani nguo ambazo zamani hawakuruhusiwa au hawakuweza kuzipata. Kumbe hata wakati huo watu walijua kwamba nguo inasema wewe ni wa nani.

Kisha wakaja Wajerumani na Waingereza. Misheni ikawashonea wasichana magauni, na suruali ikawa ya askari, karani na mwalimu mwanaume. Ukisikia mtu leo anasema suruali kwa mwanamke ni uzungu, mwambie taratibu kwamba pwani hii lilikuwa ni gauni la shule ndilo lililoletwa na Mzungu.

Hapo nikamwendea bibi. Yeye alizaliwa mwaka 1948, na mwaka 1968 alikuwa msichana wa miaka ishirini, Kariakoo. Wenye kusoma historia wanaujua mwaka huo kwa Operesheni Vijana. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, lianze kutumika tarehe 1 Januari 1969. Tarehe hiyo wapo ambao hawakuingoja. Oktoba ile ile vijana walijaa Kariakoo na kwenye vituo vya mabasi, wakawashusha wanawake kwenye basi, wakawapiga na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingia kati.

"Wewe bibi ulivaa nini siku hiyo?" nilimwuliza.

"Gauni. La magotini. Halikuwa fupi, mjukuu wangu. Lakini mimi nilikuwa nimejaa, na nguo kwa aliyejaa huonekana fupi." Akanyamaza kidogo. "Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa akanivuta ndani akashusha mlango. Nilikaa nyuma ya majora mpaka magharibi. Nilikuwa na mdogo wangu, mwembamba, naye alivaa kama mimi. Yeye walimwacha apite."

Sikumhadithia bado habari ya getini. Aliyasema hayo mwenyewe.

Katika magazeti ya wakati ule mjadala uliwaka miezi kadhaa, watu wakiandika barua za kuunga mkono na za kupinga. Waliounga mkono walisema tunalinda utamaduni wetu. Waliopinga wakauliza mbona suti na tai za wakubwa hazihesabiwi kuwa ni za kigeni. Na jambo ambalo mimi linanichekesha mpaka leo ni kwamba mwaka huo huo wa 1968 serikali mkoani Arusha ilikuwa inawasukuma Wamasai waache rubega na wavae suruali. Huku Dar es Salaam binti anapigwa kwa sababu ya suruali, kule moran anakatazwa kupanda basi kwa kuikosa! Basi tatizo haliwezi kuwa ni kitambaa.

Wala si sisi peke yetu. Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria mwaka 1973 kuwakataza wanawake suruali, na sheria hiyo haikuondoka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala wake ulipokuwa ukingoni. Khartoum mwaka 2009 mwandishi wa habari Lubna Hussein alikamatwa mkahawani kwa kuvaa suruali, akatozwa faini, akakataa kuilipa. Na Paris wanaotufundisha mitindo, amri ya mwaka 1800 iliyomtaka mwanamke aombe kibali cha polisi ili avae kiume ilitangazwa rasmi kuwa haina nguvu mwaka 2013 tu.

Sasa turudi kwenye lile pengo la kiunoni, kwani hakuna sheria wala mlinzi aliyelikata. Lilikatwa kiwandani, na hapa ndipo nilipopata dawa ya hasira yangu.

Kampuni ya Levi Strauss ilitoa jinzi ya kwanza ya wanawake mwaka 1934. Lakini kutengeneza suruali kwa maelfu unahitaji kujua mwanamke ana ukubwa gani, na hilo halikujulikana. Basi mwaka 1939 na 1940 Idara ya Kilimo ya Marekani (naam, ya Kilimo) ikawapima wanawake karibu 15,000 katika majimbo kadhaa, kila mmoja zaidi ya sehemu 50 za mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1941 na Ruth O'Brien na William Shelton. Mwaka 1958 nchi hiyo ikatoa kiwango rasmi cha saizi za nguo za wanawake kilichotegemea kazi ile, kikadumu hadi kilipoondolewa mwaka 1983. Baada ya hapo kila kampuni ikajipangia yake, ndiyo maana 12 ya huyu ni 14 ya yule.

Lakini wale 15,000 walikuwa akina nani? Walikuwa waliojitolea, na vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikutiwa katika hesabu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mwanamke mweusi wa Marekani aliyesimama, akavua, akapimwa, aliwekwa kando. Bibi yangu kule Kariakoo hakuhusika kabisa. Wala wale Wazungu wenyewe hawakulingana hivyo, kwa sababu "mwanamke wa kawaida" aliyepatikana kwa kujumlisha na kugawa hayupo popote duniani.

Suruali ya kiwandani mara nyingi huchorwa kwa kukadiria kwamba nyonga zinazidi kiuno kwa inchi 10 hivi. Mimi kiuno changu ni 29, nyonga ni 43. Nimezidi inchi 14. Zile inchi nne ndizo pengo langu. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 na mitumba ikaanza kumwagika nchini, tulipokea nguo pamoja na hesabu hiyo iliyoshonewa ndani yake, na hesabu haifuliki.

Nilimpelekea mama fundi mmoja wa barazani Magomeni ile kadeti yangu. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikaeleza. Hakunipima kwanza. Aliniambia niivae, niiname, nichuchumae, nikae kwenye stuli. Akaanza kuisoma mikunjo kama mtu anayesoma kiganja.

"Unaona hii mistari inayotoka msambani kwenda pembeni? Inakulilia. Nguo imeishiwa. Na hii inayokunjana chini ya makalio ni kwa sababu nyuma ni fupi, umeivuta ikakuvuta." Akanigeuza. "Watu wenye nyonga mnakosea hapa. Mnanunua inayotosha kiuno. Nunua inayotosha nyonga, kiuno nipe mimi. Kupunguza naweza, kuongeza kitambaa kisichokuwepo siwezi."

Kisha akachukua futi. Alinipima nikiwa nimekaa pia, kutoka kiunoni ubavuni hadi ubao wa stuli, kipimo ambacho hakuna lebo yoyote inayokitaja, nacho ndicho kinachoamua kama utaketi kwa raha. Akaniambia wengi huishia kiuno na urefu wa mguu, halafu wanashangaa.

Nilikaa pale barazani mchana mzima, na nilijifunza zaidi ya nilivyojifunza maktaba. Alikuja mama mwenye tumbo, miguu myembamba, amenunua suruali kubwa mno ili tumbo lienee, sasa miguu inaogelea. Fundi akasema huyu mbele inapaswa kuwa na kina kuliko nyuma, zipu ikae ubavuni, mpira utiwe nyuma tu ili mbele palale. Akaja binti mwembamba anayetaka naye "aonekane", fundi akamshauri mikunjo miwili mbele na mifuko ya nyuma yenye vifuniko, mguu uwe mpana. Mfupi akaambiwa asikunje upindo kwa nje, kwani mstari ule unamkata mguu, aache suruali iguse kiatu. Kuna mmoja alikuja na zile tulizoziita modo, za kubana hadi kifundoni, akitaka zilegezwe. Fundi akaifunua mishono, akakuta hakuna akiba ya kitambaa hata nusu inchi. Akamrudishia. "Ivae nyumbani ukipika," alimwambia, na baraza likacheka.

Mara zote niliona swali lake la kwanza ni moja. Aliniuliza na mimi: "Unataka ikufiche au ikukae?"

Nilishindwa kujibu upesi. Ukweli ni kwamba nilikwenda pale nikitaka inifiche. Nilitaka kupita getini. Nikamkumbuka bibi nyuma ya majora ya vitambaa.

"Inikae," nikasema.

"Basi kalete kitambaa. Mita mbili. Kizito kidogo, kisichong'aa."

Alinishonea suruali ya kiuno cha juu, mkanda wake ukiwa umekatwa kwa mviringo kufuata mwili, badala ya ule ulionyooka kama rula. Mguu ukashuka wima kutoka pale nyonga zinapoishia. Nyuma aliongeza kina cha inchi moja na nusu. Mifuko akaiweka mikubwa na karibu karibu, maana mifuko midogo kwenye makalio mapana, alisema, ni kama vifungo viwili kwenye godoro. Nilipoivaa nikachuchumaa pale pale barazani, nikainuka. Hakikuvutika kitu. Nyonga zilikuwepo zote 43, zinaonekana kama zilivyo.

Bibi alipoiona aliishika kwenye mshono, akaigeuza ndani nje kama wanavyofanya watu wa zamani kukagua kazi. Akasema angependa ningeshona gauni. Akasema pia kwamba imetulia.

Jumatatu nilirudi kule ofisini. Mlinzi alikuwa yule yule, na bila shaka alinikumbuka, maana alianza safari yake ya kunizunguka kabla hata sijamsalimia. Safari hii akizunguka, nami nikageuka naye, uso kwa uso. Akaenda kushoto, nikageuka kushoto. Tulikwenda hivyo mzunguko mzima, watu kwenye foleni wakaanza kucheka, naye mwenyewe akacheka mwishoni.

"Binti una vituko," akasema, akanisogezea daftari la wageni.

Nikaandika jina langu na saa niliyoingia.