Vizimba vya Samaki na Matumbawe ya Ghuba ya Aqaba

Ghuba ya Aqaba, ambayo Waisraeli huiita Ghuba ya Eilat, ni mkono mwembamba wa Bahari ya Shamu unaopenya kuelekea kaskazini kwa urefu wa kilomita zipatazo 180. Upana wake, hata pale ulipo mkubwa, haufiki kilomita 30. Katika eneo hilo dogo zinapakana nchi nne: Misri, Israeli, Yordani na Saudi Arabia. Askari anayelinda zamu ya usiku kwenye ncha ya kaskazini ya ghuba huona taa za miji miwili, Eilat na Aqaba, zikiwaka karibu karibu kana kwamba ni za mji mmoja.

Wanajeshi wanaikumbuka ghuba hiyo kwa sababu ya vita. Tarehe 22 Mei 1967 Misri ilitangaza kuufunga Mlango wa Tiran kwa meli za Israeli, na mwezi uliofuata vita vikalipuka. Amani kati ya Misri na Israeli ilitiwa sahihi mwaka 1979, na eneo la Taba likarudishwa Misri mwaka 1989. Yordani na Israeli zilitia sahihi mkataba wao tarehe 26 Oktoba 1994. Hivyo mipaka ya nchi kavu ilipata kuwekewa alama na kulindwa. Lakini ndani ya maji ya ghuba hiyo hiyo ulizuka ubishi mwingine, ambao haukufyatuliwa risasi hata moja. Ulihusu samaki wa kufugwa, uchafu wao, na uhai wa matumbawe.

Ili kuuelewa ubishi huo ni lazima kwanza kuyaelewa maji yenyewe. Ghuba ya Aqaba ina kina kinachozidi mita 1,800, lakini mlangoni pake, pale Tiran, kina ni mita 250 hivi tu. Kwa hiyo maji yake ya chini yamefungiwa kama maji yaliyomo ndani ya mtungi. Mvua ni haba na hakuna mto mkubwa unaomwaga humo. Matokeo yake ni kwamba maji ya juu ni maangavu mno na yana virutubisho vichache sana, yaani naitrojeni na fosforasi, ambavyo ndivyo chakula cha mwani. Umaskini huo wa maji ndio utajiri wa matumbawe. Tumbawe ni mnyama mdogo ajengaye nyumba ya chokaa, na mwilini mwake huishi vimea vidogo sana vinavyomtengenezea chakula kwa nuru ya jua. Maji yakiwa safi, nuru hufika chini, mwani hukosa nguvu, na tumbawe hutawala. Virutubisho vikizidi, mizani hupinduka.

Asili yenyewe ilitoa onyo. Mwezi Juni 1991 mlima Pinatubo, katika nchi ya Ufilipino, ulilipuka na kurusha angani vumbi na gesi vilivyopunguza joto la dunia. Baridi ya mwaka 1992 katika Bahari ya Shamu ikawa kali kupita kawaida. Maji ya juu ya Ghuba ya Aqaba yalipoa, yakawa mazito, yakazama, na maji ya vilindini yakapanda kushika nafasi yake. Mchanganyiko huo ulifika kina cha zaidi ya mita 850. Virutubisho vilivyokuwa vimelala chini vikaletwa juu, na majira ya kuchipua yalipofika, mwani ukatanda juu ya miamba kama blanketi na kuua matumbawe mengi. Mwaka 1995 wanasayansi walichapisha maelezo ya tukio hilo. Fundisho lilikuwa wazi: kinachozama katika ghuba ile hakijapotea. Waswahili husema akiba haiozi. Katika Ghuba ya Aqaba hata akiba ya uchafu haiozi. Hungoja baridi kali ikarudi juu.

Wakati fundisho hilo likitolewa, ufugaji wa samaki ulikuwa unakua katika maji ya Eilat, karibu na mpaka wa Yordani. Vizimba vya nyavu vilitiwa nanga baharini, na ndani yake wakafugwa samaki wa asili ya Bahari ya Mediteranea wanaofanana na changu. Kufikia miaka ya 2000 mavuno yalikuwa yamezidi tani 2,000 kwa mwaka. Kazi hiyo haikuwa ya aibu. Ilileta chakula na ajira katika mji uliozungukwa na jangwa, na ilipunguza haja ya kuvua samaki wa mwituni. Anayeusimulia ubishi huu kana kwamba upande mmoja ulikuwa na haki yote, huyo hausimulii kwa ukweli.

Hata hivyo, samaki wa kizimbani hulishwa, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo katika chakula chake haibaki mwilini mwake. Sehemu hutoka kwa njia ya mashavu ikiwa amonia, ambayo huyeyuka majini mara moja. Nyingine huzama pamoja na kinyesi na mabaki ya chakula. Chini ya vizimba bakteria huozesha mabaki hayo, na katika kuozesha hutumia oksijeni na kutoa hewa ya kaboni. Oksijeni ikiisha, tope hugeuka jeusi na kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu. Hewa ya kaboni nayo huongeza uchachu wa maji, na kadiri uchachu unavyozidi ndivyo tumbawe linavyopata taabu kujenga chokaa yake. Amonia hugeuzwa na bakteria kuwa nitrati, na nitrati ni mbolea. Kwa maneno mengine, mfugaji hulima shamba lake la samaki, lakini mbolea huenda kwa jirani.

Wenye vizimba walijibu kwa hoja iliyokuwa na uzito. Walisema kwamba virutubisho vinavyopandishwa na baridi kutoka vilindini ni vingi kuliko vile vinavyotoka kwa samaki wao, na kwamba matumbawe yalikuwa yamedhuriwa na mambo mengine. Ni kweli kwamba maji machafu ya mji wa Eilat yalikuwa yakimwagwa baharini hadi mwaka 1995, na kwamba vumbi la fosfati lilikuwa likianguka majini meli zilipopakiwa bandarini. Wapinzani walijibu kwamba mzigo wa asili ghuba imeuzoea tangu kale, lakini mzigo wa vizimba huongezwa juu yake kila siku, majira ya joto na ya baridi, wala haupumziki.

Wanasayansi nao waligawanyika. Uchunguzi mmoja, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba vipande vya matumbawe vilivyowekwa karibu na vizimba vilikua vizuri. Mwaka uliofuata, wataalamu wengine wakiongozwa na Yossi Loya wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walieleza kwamba matumbawe yaliyohamishiwa karibu na vizimba yalidhoofika katika uzazi. Nao wakajibiwa na wenzao waliotilia shaka njia ya uchunguzi wao. Mtu wa jeshi anaweza kulielewa jambo hilo kwa urahisi. Kikosi chaweza kuwa na askari walioshiba na wenye afya, lakini kama hakipati kuruta, mwisho wake unahesabika. Swali halikuwa tu kama tumbawe linanenepa leo, bali kama litakuwa na watoto kesho.

Serikali ya Israeli ilikabiliwa na uamuzi mgumu: ingoje hadi wataalamu wote wakubaliane, au ichukue hatua wakati ushahidi bado unabishaniwa? Mwaka 2005 iliamua kwamba vizimba viondolewe, na kufikia mwaka 2008 vilikuwa vimeondolewa. Waliopoteza kazi walipata hasara ya kweli. Lakini serikali ilipima mambo mawili: kizimba chaweza kujengwa upya nchi kavu au penginepo, ilhali mwamba wa matumbawe uliojengwa kwa maelfu ya miaka haujengwi upya kwa amri.

Uzito wa mizani hiyo umeonekana zaidi baadaye. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba matumbawe ya kaskazini mwa ghuba hiyo yanastahimili joto kuliko ya sehemu nyingi za dunia. Wakati bahari zinapozidi kupata joto, miamba hiyo ni akiba ya wanadamu wote. Ingekuwa hasara kubwa akiba inayoweza kulihimili joto ife kwa uchafu uliowezekana kuzuiwa.

Jambo hili lina maana kwa pwani ya Afrika Mashariki. Mkondo wa bahari wa pwani hii hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, kutoka upande wa Mtwara, kupitia Tanga, hadi maji ya Kenya. Kitakachomwagwa baharini upande mmoja wa mpaka kitafika upande wa pili bila pasi na bila kusimama forodhani. Ufugaji wa samaki baharini ni kazi yenye manufaa, na yamkini utapanuka katika pwani hii. Haja iliyopo ni kuchagua mahali penye mkondo wa kutosha na palipo mbali na miamba, kuweka kikomo cha idadi ya vizimba, na kuyapima maji kabla ya kuanza, si baada ya samaki kuelea wamekufa.

Katika kazi hiyo askari wa doria za baharini na polisi wa vituo vya pwani wana nafasi yao. Wao huyaona maji kila siku kabla mtaalamu hajafika na vyombo vyake. Maji yaliyogeuka kijani, utelezi uliotanda juu ya mwamba uliokuwa safi, harufu ya yai bovu karibu na vizimba, au samaki wanaohema juu ya maji alfajiri, hizo ni habari za kuandikwa katika kitabu cha doria na kupelekwa kwa wahusika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Ghuba ya Aqaba walibishana miaka mingi kabla ya kuuziba ufa wao, nao walikuwa na wataalamu wengi na vyombo vingi. Nchi jirani zinazotumia mkondo mmoja wa bahari zina kila sababu ya kuanza mapema kuliko wao.